Erich Auerbach: Msomi wa Kifaransa na Kiitaliano Aliyeandikia Uhamishoni

Utangulizi

Ni nadra mjadala wa uhalisia katika fasihi kufika ukingoni bila jina la Erich Auerbach kutajwa. Aghalabu hutajwa pamoja na kitabu chake kimoja tu, Mimesis, kilichochapishwa mjini Bern, Uswisi, mwaka 1946. Wanafunzi hulinakili jina hilo madaftarini, hulihifadhi kwa ajili ya mtihani, kisha hulisahau. Linalosahaulika zaidi ni kwamba nyuma ya jina hilo palikuwa na mtu aliyeanza kwa kusomea sheria, akapigana vitani, akageukia masomo ya Kifaransa na Kiitaliano ukubwani, akapanda hadi uprofesa, akanyang'anywa cheo hicho kwa sababu ya nasaba yake, kisha akaandika kazi yake kuu katika nchi ambayo lugha yake hakuimudu vyema.

Maisha ya msomi huyu yanaibua swali linalomhusu kila anayejishughulisha na taaluma ya lugha. Mtu akiipoteza nchi, kazi na maktaba kwa pamoja, hubakia na nini? Je, fasihi alizozisoma kwa lugha za wengine zinaweza kumfaa wakati wa dhiki, au ni pambo la wakati wa neema tu? Jibu la Auerbach halikuwa nadharia. Lilikuwa kazi aliyoifanya, ukurasa baada ya ukurasa, kwa muda wa miaka thelathini na ushei.

Chimbuko na Malezi

Erich Auerbach alizaliwa mjini Berlin tarehe 9 Novemba 1892 katika familia ya Kiyahudi iliyojiweza. Wazazi wake walikuwa miongoni mwa Wayahudi wa Ujerumani waliojihesabu kuwa Wajerumani kama raia wenzao, wakaishi kwa desturi za tabaka la kati la mji huo. Walimpeleka mtoto wao katika shule ya upili ya Kifaransa ya Berlin. Shule hiyo ilikuwa na historia ya pekee. Iliasisiwa mwaka 1689 kwa ajili ya Waprotestanti waliokuwa wameikimbia Ufaransa kwa sababu ya mateso ya kidini, na Kifaransa kiliendelea kuwa lugha ya kufundishia humo. Hivyo basi, lugha ya kigeni ya kwanza iliyomlea Auerbach ilimfikia kupitia kwa kizazi cha wakimbizi. Hakuna aliyeweza kubashiri wakati huo kwamba lugha hiyo hiyo ndiyo ingemlisha yeye atakapokuwa mkimbizi.

Baada ya shule, Auerbach hakuelekea kwenye fasihi. Alisomea sheria katika vyuo vikuu kadhaa vya Ujerumani, kama ilivyokuwa desturi ya wanafunzi wa nchi hiyo kuhamahama kutoka chuo kimoja hadi kingine, na mwaka 1913 akatunukiwa shahada ya udaktari wa sheria na Chuo Kikuu cha Heidelberg. Tasnifu yake ilihusu sheria ya jinai. Kwa kijana wa miaka 20, njia ya uwakili au uhakimu ilikuwa wazi mbele yake.

Mwaka mmoja baadaye Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vikazuka. Auerbach alijiunga na jeshi la Ujerumani, akapigana na kujeruhiwa vibaya mguuni. Aliporudi uraiani, Ujerumani aliyoiacha haikuwapo tena: mfalme alikuwa ameng'oka, nchi imeshindwa, na sheria alizozisoma zilikuwa za dola iliyoporomoka. Ni katika kipindi hicho ndipo alipoiacha taaluma ya sheria na kuanza upya.

Kuanza Upya: Kifaransa na Kiitaliano kwa Pamoja

Taaluma aliyoichagua iliitwa filolojia ya Kirumi, yaani uchunguzi wa lugha zilizotokana na Kilatini pamoja na fasihi zake: Kifaransa, Kiitaliano, Kihispania, Kireno na nyinginezo. Inafaa msomaji aelewe upekee wa taaluma hii, kwa kuwa ndiyo iliyomfinyanga Auerbach. Katika vyuo vingi vya Ulaya, fasihi ilikuwa imegawanywa kwa mipaka ya mataifa. Mfaransa alisoma fasihi ya Kifaransa kama urithi wa taifa lake, na Mwitaliano vivyo hivyo. Mjerumani aliyesomea filolojia ya Kirumi hakuwa na taifa la kulitetea katika vitabu hivyo. Alilazimika kuzitazama lugha mbili au tatu kwa pamoja, kuuliza zilivyotengana kutoka kwa mama yao Kilatini, na kupima jinsi kisa kimoja kilivyobadilika kilipovuka mpaka. Kwa maneno mengine, fasihi linganishi haikuwa somo la kuongezewa mwishoni mwa ratiba. Ilikuwa ndani ya taaluma yenyewe.

Tasnifu ya pili ya Auerbach, aliyoiwasilisha katika Chuo Kikuu cha Greifswald mwaka 1921 akiwa na umri wa miaka 28, inadhihirisha jambo hili. Alichunguza mbinu za hadithi fupi za mwanzo wa Mwamko wa Ulaya nchini Italia na Ufaransa. Upande wa Italia alikuwapo Boccaccio na Decameron yake ya karne ya 14, ambamo vijana kumi waliotoroka tauni ya Florence wanasimuliana hadithi mia moja. Upande wa Ufaransa zilikuwapo hadithi zilizoandikwa baadaye, nyingine zikifuata kielelezo hicho hicho cha Kiitaliano. Mtafiti mvivu angetosheka kusema kwamba Wafaransa waliiga. Auerbach aliuliza swali gumu zaidi: ni jamii ya namna gani iliyohitaji hadithi za namna hii, na kwa nini fremu ya usimulizi, nafasi ya mwanamke na sauti ya msimulizi zilitofautiana katika lugha hizi mbili? Ulinganishi kwake haukuwa kuorodhesha mfanano na tofauti. Ulikuwa njia ya kuifikia jamii kupitia kwa muundo wa sentensi na wa hadithi.

Mwaka 1923 alimwoa Marie Mankiewitz, na wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume. Mwaka huo huo aliajiriwa katika Maktaba ya Taifa ya Prussia mjini Berlin, akafanya kazi humo hadi mwaka 1929. Akiwa mkutubi, hakuacha utafiti. Mwaka 1924 ilichapishwa tafsiri yake ya Kijerumani, iliyofupishwa, ya kitabu cha Giambattista Vico kiitwacho Scienza nuova. Vico, mwanafalsafa wa Naples aliyeishi baina ya mwaka 1668 na 1744, alishikilia kwamba binadamu anaweza kuyajua kwa hakika mambo ambayo binadamu mwenyewe ameyaunda: sheria, lugha, hekaya na dola. Aidha, aliamini kwamba kila enzi ina namna yake ya kufikiri na haipasi kupimwa kwa mizani ya enzi nyingine. Mawazo hayo mawili yakawa nguzo za Auerbach hadi kufa kwake. Hakuwahi kumhukumu mwandishi wa zamani kwa kosa la kutofanana na waandishi wa leo.

Dante na Kiti cha Marburg

Matunda ya miaka ya maktabani yalionekana mwaka 1929, Auerbach alipochapisha kitabu kuhusu Dante Alighieri, mshairi wa Florence aliyefariki mwaka 1321. Dante hufahamika kama mshairi wa Jehanamu, Toharani na Peponi. Auerbach aliligeuza jambo hilo. Alidai kwamba Dante ni mshairi wa dunia hii ya udongo. Wafu anaokutana nao katika safari yake ya ahera hawajapoteza sura zao. Wamebaki na hasira zao, mapenzi yao, siasa zao na lafudhi zao. Farinata, kiongozi wa kisiasa wa Florence, anainuka kutoka kaburi la moto kwa kiburi kile kile alichokuwa nacho akiwa hai, na Cavalcante aliye kando yake hana haja ya jambo lingine ila habari za mwanawe. Hukumu ya Mungu haikuufuta ubinadamu wao, bali imeukamilisha na kuukaza. Kwa Auerbach, hapo ndipo fasihi ya Ulaya ilipojifunza kumtazama mtu mmoja mmoja kwa uzito wote.

Kitabu hicho kilimfungulia mlango. Mwaka 1930 aliteuliwa kuwa profesa wa filolojia ya Kirumi katika Chuo Kikuu cha Marburg, akichukua nafasi ya Leo Spitzer, mwanaisimu na mhakiki mashuhuri aliyekuwa amehamia Cologne. Msaidizi wake alikuwa Werner Krauss. Mkutubi wa jana akawa mwenye kiti katika mojawapo ya vyuo vikongwe vya Ujerumani. Alikuwa na umri wa miaka 37. Kiti hicho angekikalia kwa miaka mitano tu.

Kung'olewa

Adolf Hitler alishika hatamu za serikali mwezi wa Januari mwaka 1933. Aprili mwaka huo ilipitishwa sheria ya kuwafukuza Wayahudi na wapinzani wa Unazi kutoka utumishi wa umma, wakiwamo walimu wa vyuo vikuu. Spitzer alipoteza kazi mara moja na kuelekea Uturuki. Auerbach alinusurika kwa muda kwa sababu moja: waliopigana katika vita vya 1914 hadi 1918 walikuwa wamesamehewa na sheria hiyo. Jeraha la mguu likawa ngao yake.

Ngao hiyo ilikuwa na gharama. Mwaka 1934 watumishi wote wa umma walitakiwa kula kiapo cha utii kwa Hitler mwenyewe, na Auerbach alikula kiapo hicho. Jambo hili halipendezi kulisimulia katika wasifu wa mtu anayeheshimiwa, lakini kulificha ni kuiandika tanzia badala ya historia. Alikuwa na mke, mtoto na kazi. Na kama Wayahudi wengi wa Ujerumani wa kizazi chake, alidhani kwamba dhoruba ingepita. Dhoruba haikupita. Sheria za Nuremberg za Septemba 1935 ziliwavua Wayahudi uraia kamili na kuufuta msamaha wa wapiganaji. Kabla ya mwaka huo kwisha, Auerbach alikuwa amefutwa kazi. Mafunzo aliyoyaongoza Marburg yaliangukia mikononi mwa Krauss, ambaye naye baadaye alijiunga na upinzani wa siri dhidi ya Unazi, akahukumiwa kifo mwaka 1943 na akanusurika kwa kubadilishiwa adhabu.

Istanbul

Mwaka 1936 Spitzer aliondoka Istanbul kwenda Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, na kwa mara ya pili Auerbach akairithi nafasi yake. Alihamia Uturuki pamoja na mkewe na mwanawe, wakapanga nyumba katika kitongoji cha Bebek kando ya mlangobahari wa Bosphorus. Alikuwa na miaka 43.

Uturuki aliyoikuta ilikuwa katika mageuzi makubwa. Serikali ya Mustafa Kemal Atatürk ilikuwa imekifunga chuo cha zamani cha enzi ya Waosmani na kukifungua upya mwaka 1933 kwa jina la Chuo Kikuu cha Istanbul. Wasomi waliofukuzwa Ujerumani waliajiriwa kwa makumi, wakiwamo wanafalsafa, matabibu, wanauchumi na wanasheria. Uturuki ilitaka elimu ya Ulaya. Wasomi hao walitaka pa kuegesha maisha yao. Mgeni alikuja na mwenyeji akapona, ingawa kila upande ulikuwa na hesabu zake.

Auerbach alifundisha fasihi za Magharibi, hasa kwa Kifaransa, huku wasaidizi wakiwatafsiria wanafunzi kwa Kituruki pale ilipobidi. Kwa ajili ya wanafunzi hao aliandika utangulizi wa filolojia ya Kirumi, uliotafsiriwa kwa Kituruki na Süheyla Bayrav na kuchapishwa mwaka 1944, kabla ya matini yake ya Kifaransa kutoka mwaka 1949. Kwamba kitabu cha kiada cha msomi mkubwa kama huyo kilisomwa kwanza katika Kituruki ni jambo la kutafakariwa na wale wanaodhani kwamba maarifa husafiri kwa mkondo mmoja tu.

Kuna jambo jingine aliloliona Istanbul ambalo wanafunzi wa Kiswahili watalielewa upesi. Mwaka 1928 Uturuki ilikuwa imeacha hati za Kiarabu na kuanza kuandika kwa alfabeti ya Kilatini, na baada ya hapo lugha ikaanza kusafishwa maneno yenye asili ya Kiarabu na Kiajemi. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake Walter Benjamin mapema mwaka 1937, Auerbach alieleza mshangao wake kwamba vijana wa Kituruki hawakuweza tena kuzielewa kazi za dini, fasihi na falsafa zilizoandikwa miaka michache tu kabla. Alivutiwa na ari ya mageuzi hayo na papo hapo akayaogopa, kwa kuwa aliona ndani yake mwelekeo wa dunia nzima: kila taifa likijiharakisha kuwa la kisasa kwa kukata kamba iliyoliunganisha na jana. Yeyote aliyewahi kushika mkononi mswada wa utenzi wa Pwani ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, akashindwa kuusoma ilhali lugha ni yake, anajua uzito wa jambo hilo.

Benjamin mwenyewe hakubahatika. Aliikimbia Ufaransa iliyotwaliwa na Wanazi, na mwaka 1940 alifariki katika mji wa mpakani wa Portbou nchini Uhispania alipokuwa akijaribu kuvuka.

Kitabu Kilichozaliwa Vitani

Auerbach alianza kuandika Mimesis mwezi Mei mwaka 1942 na kumaliza mwezi Aprili mwaka 1945. Tarehe hizi zina uzito. Mwezi Februari mwaka 1942, meli ya Struma iliyowabeba wakimbizi wa Kiyahudi kutoka Romania, baada ya kuzuiliwa kwa majuma kadhaa katika bandari ya Istanbul, ilikokotwa hadi Bahari Nyeusi ikiwa haina injini inayofanya kazi. Siku iliyofuata ilizamishwa na nyambizi ya Kisovieti. Watu zaidi ya 760 waliangamia. Mmoja tu aliokolewa. Haya yalitendeka karibu na mlango wa nyumba yake, miezi mitatu tu kabla ya kuishika kalamu. Kitabu hakiitaji meli hiyo. Hata hivyo, ni vigumu kuisoma sura yake ya kwanza bila kukumbuka iliandikwa lini.

Sura hiyo inalinganisha matini mbili kongwe. Ya kwanza inatoka katika Odisei ya Homer: Odysseus amerejea nyumbani akijifanya maskini, na yaya mzee anapomwosha miguu anaitambua kovu aliyoipata ujanani alipojeruhiwa na ngiri. Homer anasitisha kisa ili asimulie historia yote ya kovu hiyo. Kila kitu kimewekwa peupe, hakuna kilichojificha. Ya pili inatoka katika kitabu cha Mwanzo: Ibrahimu ameamriwa amtoe sadaka mwanawe Isaka. Hapa msimulizi hasemi Ibrahimu alikuwa wapi, alihisi nini, wala njia ilikuwaje kwa siku tatu za safari. Kimya kimetanda, na msomaji analazimika kuyajaza mapengo kwa hofu yake mwenyewe. Kutokana na jozi hii Auerbach aliibua mitindo miwili ya kuuwakilisha uhalisi, ambayo imeandamana na fasihi ya Magharibi hadi leo. Msomi aliyefukuzwa kwa sababu ya nasaba yake ya Kiyahudi aliuweka usimulizi wa Kiebrania kando ya Homer, kwa hadhi sawa, wakati ambapo huko Berlin watu walikuwa wakiuawa kwa kuwa wana wa Ibrahimu.

Hoja kuu ya kitabu inahusu mgawanyo wa mitindo. Wanabalagha wa kale walifundisha kwamba mtindo wa juu unafaa kwa wafalme na mashujaa, nao mtindo wa chini unafaa kwa watu wa kawaida, hasa katika vichekesho. Mvuvi, mtumwa au mpishi hakuweza kuwa mhusika wa tanzia. Auerbach alionyesha namna ukuta huo ulivyobomolewa kwa awamu. Kwanza ni katika Injili, ambamo mvuvi Petro anamkana bwana wake uani mwa kuhani mkuu, na machozi ya mtu huyo mnyonge yanapewa uzito ambao mwanahistoria wa Kirumi asingempa. Kisha ni kwa Dante, aliyethubutu kuandika utenzi mtukufu kwa Kiitaliano, lugha ya sokoni, badala ya Kilatini. Hatimaye ni katika riwaya ya Kifaransa ya karne ya 19, ya Stendhal, Balzac na Flaubert, ambamo maisha ya kila siku ya mtu yeyote yakawa mada ya dhati. Sura ya mwisho inamfikia Virginia Woolf na mama mmoja anayepima soksi aliyokuwa akiifuma kwenye mguu wa mwanawe: tukio dogo kabisa, lakini dunia nzima inapita ndani yake.

Mbinu yake inaweza kufuatwa na mwanafunzi yeyote. Kila sura huanza kwa dondoo moja, mara nyingi lisilozidi kurasa mbili au tatu. Auerbach hulichunguza neno kwa neno: sentensi zimeungwaje, nani anazungumza, kipi kimeachwa. Kutoka hapo hupanda hadi kwenye enzi nzima. Hatangulizi nadharia kisha akatafuta mifano ya kuitegemeza. Huanzia kwenye matini.

Katika maneno ya kufungia kitabu, alieleza kwamba majarida na tafiti nyingi za Ulaya hazikumfikia Istanbul, na akakiri kuwa huenda ukosefu huo ndio uliomwezesha kuandika. Kwani kama angesoma yote yaliyoandikwa kuhusu mada pana kiasi hicho, pengine asingeanza kabisa. Maneno hayo yalizaa hekaya ya msomi aliye jangwani asiye na vitabu. Watafiti wa baadaye wameisahihisha hekaya hiyo. Istanbul ilikuwa na vitabu, wachapishaji na wasomi wa kuzungumza nao. Monsinyori Angelo Roncalli, mwakilishi wa Papa aliyekuja kuwa Papa Yohane wa 23 mwaka 1958, alimruhusu kuitumia maktaba ya watawa wa Kidominiko huko Galata, iliyokuwa na mkusanyo mkubwa wa maandishi ya Mababa wa Kanisa kwa Kilatini. Makala yake mashuhuri ya mwaka 1938 kuhusu dhana ya figura, yaani tukio la kweli linalotabiri tukio jingine la kweli, ilifaidi mkusanyo huo. Kusahihisha hekaya hakumpunguzii hadhi. Kunawarudishia wenyeji wake haki yao.

Marekani na Miaka ya Mwisho

Mwaka 1947 familia ilihamia Marekani. Auerbach alikuwa na miaka 54, kitabu chake kikuu kimeshatoka, lakini hakuwa na kazi. Mwaka 1948 alipata nafasi katika Chuo cha Jimbo la Pennsylvania. Uchunguzi wa kitabibu ulipoonyesha kwamba ana maradhi ya moyo, hakuajiriwa kwa mkataba wa kudumu. Kwa mara nyingine mwili wake ulikuwa umeamua riziki yake, safari hii si kwa kumkinga. Alipokewa kwa mwaka mmoja katika Taasisi ya Utafiti wa Juu ya Princeton, na mwaka 1950 akaajiriwa na Chuo Kikuu cha Yale, ambako René Wellek alikuwa akiijenga taaluma ya fasihi linganishi. Mwaka 1956 alipewa mojawapo ya vyeo vya juu kabisa vya uprofesa chuoni humo. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwapo Fredric Jameson, aliyekuja kuwa mmoja wa wahakiki wakuu wa Kimarx. Tafsiri ya Kiingereza ya Mimesis ilitoka mwaka 1953.

Mwaka 1952 aliandika makala fupi kuhusu filolojia na fasihi ya ulimwengu, ambayo huenda ndiyo wasia wake. Alionya kwamba dunia inapozidi kuwa moja, lugha chache zitabaki, na huenda siku moja ikasalia lugha moja tu ya fasihi. Siku hiyo wazo la fasihi ya ulimwengu litakuwa limetimia na kuangamia kwa wakati mmoja, kwani hakuna ulinganishi pale pasipo na tofauti. Alihitimisha kwa kusema kwamba makao ya mwanafilolojia sasa ni dunia nzima wala si taifa. Hata hivyo, aliongeza kwamba urithi wa thamani zaidi wa msomi ungali ni lugha na utamaduni wa taifa lake. Ila urithi huo huzaa matunda pale tu mtu anapoondoka kwao na kuuvuka.

Auerbach alifariki tarehe 13 Oktoba 1957 huko Wallingford, Connecticut, akiwa na umri wa miaka 64. Kitabu chake cha mwisho, kuhusu lugha ya fasihi na hadhira yake katika Kilatini cha mwisho wa enzi ya kale na cha Enzi za Kati, kilichapishwa mwaka uliofuata.

Hitimisho

Auerbach hakukosa kasoro. Aliishi Istanbul miaka 11, na katika kitabu alichokiandika humo, fasihi ya Waturuki haimo. Fasihi ya Ulaya, kuanzia Homer hadi Woolf, ilimtosha kuwa ulimwengu. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ufinyu huu ni bayana, hasa akikumbuka kwamba mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba Afrika iwekwe katikati ya masomo ya fasihi na fasihi nyingine zitazamwe kutokea hapo. Edward Said, msomi wa asili ya Kipalestina aliyeshiriki kuitafsiri makala ile ya 1952 kwa Kiingereza mwaka 1969, aliuona ufinyu huo, na bado akamchukulia Auerbach kama mwalimu. Alijifunza kwake kwamba umbali na nyumbani unaweza kumpa mtu jicho kali, mradi asiache kusoma kwa makini.

Somo analoliachia mwanafunzi wa Kiswahili halitegemei Ulaya. Lugha ya pili na ya tatu hazimwondolei mtu lugha yake. Humpa mahali pa kusimama ili aione. Anayeulinganisha utenzi wa Lamu na utenzi wa lugha nyingine, au riwaya ya Kiswahili na ya Kifaransa, anafanya kazi ile ile aliyoifanya kijana wa Greifswald mwaka 1921 akiwa na Boccaccio mkono mmoja na Wafaransa mkono wa pili. Anachohitaji ni dondoo moja, uvumilivu wa kulisoma neno kwa neno, na ujasiri wa kuuliza ni jamii gani iliyolizaa.

Katika tamati ya Mimesis, Auerbach alitumaini kwamba kitabu chake kingewafikia wasomaji wake, ikiwa ni pamoja na rafiki zake wa zamani, kama wangali hai. Wengi hawakuwa hai tena. Kitabu kiliwafikia watu wengine, katika lugha na nchi ambazo hakuwahi kuzifikiria, na kingali kinawafikia.